Blanketi la Sita

Gidamis aliletwa Maisaka, mtaa wa mjini Babati, akiwa amelazwa chali nyuma ya gari la mizigo, mguu wa kulia umefungwa kwenye ubao, akaambiwa atakaa kwa binti yake mpaka mfupa uunge. Mfupa uliunga. Miaka mitatu baadaye alikuwa bado yupo.

Kwao ni Balangdalalu, kule tambarare ya Hanang. Alikuwa Mbarbaig aliyekulia nyuma ya ng'ombe na kuzeekea nyuma ya ng'ombe, na mpaka anafikisha miaka sabini hakuwahi kulala zaidi ya siku mbili mahali asiposikia ng'ombe wakicheua. Siku moja kwenye josho dume lilishtuka, likambana kwenye mbao, na nyonga yake ikavunjika. Domina, binti yake, fundi cherehani mwenye meza yake barazani mwa duka karibu na soko la Babati, alimpeleka hospitali ya mbali. Huko akapasuliwa, akawekewa chuma, kisha Domina akamchukua kwake. Ng'ombe kumi na tisa walibaki mikononi mwa Konstantini, mtoto wa marehemu kaka yake Gidamis.

Nyumba ya Domina ilikuwa vyumba viwili na ua mdogo wa saruji, umezungushiwa ukuta wa matofali unaompita mtu kimo, mbele geti la bati. Juu ya ukuta ulionekana Mlima Kwaraa. Ulikuwa mlima mzuri, Gidamis hakuukatalia hilo, lakini haukuwa wake. Wa kwake, Hanang, ulikuwa upande ambako jirani alikuwa amejenga nyumba ndefu yenye bati la bluu.

Mwaka wa kwanza alijifunza kutembea na fimbo mbili. Alipoona sasa anaweza, asubuhi moja Domina akiwa kazini alijifunga shuka lake, akachukua chupa ya maji, akaishika barabara ya Singida kwa miguu. Hakumuaga mtu. Mchana dereva mmoja wa bodaboda alimkuta nje kidogo ya mji, ameketi kwenye changarawe, midomo imekauka, fimbo moja imemponyoka na hawezi kuinama kuiokota. Alimrudisha amemshikilia kwa nyuma kama gunia. Domina alimwosha miguu bila kumsema. Kesho yake alinunua kufuli.

Tangu hapo akitoka asubuhi alifunga geti kwa nje. Ufunguo wa pili alimwachia jirani, Mama Brayan, mwanamke wa Bukoba aliyefuata kazi ya mumewe Babati akaishia kufungua duka la vipodozi. Mama Brayan alikuwa na huruma, ila alikuwa dukani kutwa. Kwa hiyo kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa kumi na mbili jioni Gidamis alikuwa na kiti, redio, chupa ya chai na ukuta. Alijua kila tofali lililopasuka. Alijua saa ambayo kivuli cha bati kinafika kwenye ndoo. Wapita njia walimsalimia kupitia upenyo wa geti, shikamoo babu, akaitikia marahaba, wakaenda zao.

Vitambaa vilianza kwa bahati tu. Domina alikuwa na desturi ya kurudi na mabaki ya meza yake kwenye kiroba: vipande vya vitenge, pindo za sare za shule, suti, bitana. Vingine alivishindilia kwenye mito, vingine aliwashia jiko la mkaa. Siku moja alimwomba baba yake ampunguzie kazi, ajaze mto. Gidamis akamwaga kiroba sakafuni, lakini hakujaza mto. Alianza kupanga vipande kwa rangi, na rangi alizozijua yeye zilikuwa rangi za ng'ombe. Kaki ya sare ilikuwa dume lake la zamani. Suti ya kijivu ilikuwa ndama wa majivu aliyezaliwa mwaka wa mvua kubwa. Kitambaa cheusi chenye mstari mweupe alikijua papo hapo: jike mkaidi aliyemsumbua miaka minane, wala hakuna siku aliyowaza kumuuza.

Kushona alijua, kwa namna yake. Fisi akimpasua ng'ombe, au ng'ombe akichanika kwenye mti, Gidamis ndiye aliyekuwa akiitwa. Alitoboa ngozi, akapitisha uzi, akafunga fundo, akakata, akatoboa tena pembeni. Kila mshono ulijitegemea, ili mmoja ukikatika mingine isifumuke. Kwa mishono hiyo aliunganisha safu ya kwanza ya viraka, na Domina aliporudi akaiona, alicheka kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu. Akamwambia mafundo yale ni mazuri, lakini si ya kuungia vitambaa. Akamfundisha kukata viraka sawasawa kwa kipande cha boksi, kukunja kingo, kushona mshono mfupi wa kwenda mbele. Mafundo wakayaweka mwishoni: viraka juu, blanketi kuukuu katikati, bitana chini, kisha sindano ya magunia inapita tabaka zote tatu na kufungwa, fundo moja kila kiraka.

Kule kwao kushona mavazi ya ngozi ni kazi ya wanawake. Alilijua hilo, na wiki za kwanza alishonea chumbani, mlango ameurudishia. Lakini chumbani mna giza, na mikono ilikuwa imeshaonja kazi. Akatoka uani.

Blanketi la kwanza Mama Brayan alilishika, akalinusa, akaliweka begani, akasema analitaka kwa ajili ya mdogo wake aliyejifungua. La pili lilichukuliwa na mke wa mwalimu wa Bagara. Baada ya hapo wanawake wa kwaya walikuja watatu kwa pamoja kumwona mzee wa Kibarbaig anayeshona. Walisimama wakimtazama mikono, wakasema babu amebarikiwa, kapata kazi ya kivulini uzeeni, mtoto anamtunza, anataka nini tena. Gidamis aliinamisha kichwa juu ya sindano. Kila walilolisema lilikuwa kweli.

Alichokitaka alikwisha kumwambia Domina. Walikubaliana tangu lile la kwanza kwamba likiisha atampeleka Balangdalalu akawaone ng'ombe wake, siku mbili tu, kisha atarudi. Likaisha. Domina akasema mvua zimeharibu njia, wangoje zikatike. La pili likaisha, ukawa msimu wa sare na fundi hawezi kuacha meza. La tatu likaisha, Evelyne, mtoto wa Domina aliyekuwa shule ya bweni Singida, akawa na mitihani, na lazima mama awe karibu. La nne, la tano. Kila blanketi lilichukua mwezi na zaidi, na kila lilipokamilika Domina alikuwa na sababu nzuri na oda nyingine. Pole pole Gidamis akaanza kuona kwamba jinsi anavyoshona vizuri ndivyo anavyojichimbia mwenyewe nguzo ya kufungiwa.

La sita liliombwa na mwanakwaya aliyekuwa anamwoza binti yake. Wateja walipenda vitenge vinavyong'aa, na Gidamis alikuwa ameshazoea kuwapa walichotaka, lakini hili mama mwenye harusi alisema achague mwenyewe. Akachagua. Akaamua kulishona zizi zima, safu kumi na tisa, kila ng'ombe na safu yake, kuanzia wakubwa. Alifanya kazi mpaka macho yakatoa machozi. Alikuwa safu ya kumi na moja siku Silas alipobisha.

Silas alikuwa rika lake, wamechunga pamoja wakiwa wadogo. Alikuja mjini kumtazama mgonjwa, akaelekezwa kwa mzee anayeshona. Gidamis alipoitambua sauti alilisukumia blanketi lile chini ya kiti, akajikongoja mpaka getini. Waliangaliana kupitia upenyo wa bati, jicho moja moja.

"Mbona hufungui?" Silas aliuliza, kwa lugha yao.

"Ufunguo anao mtoto."

Silas akaendelea kama hakusikia, na Gidamis akamshukuru moyoni kwa hilo. Wakazungumza wima kwa muda mrefu, kila mmoja upande wake. Silas akamweleza mvua ilivyokuwa, nani amefariki, nani amehamisha mifugo mpaka Morogoro kutafuta malisho. Alipotaka kuondoka alipitisha vidole kwenye upenyo ili washikane.

"Na pole kwa ng'ombe," akasema. "Wakati ule sikupata nafasi ya kuja kukupa pole."

Gidamis alivishika vile vidole.

"Nimeshapoa," akajibu.

Domina aliporudi jioni alikuta chai haijaguswa. Asubuhi yake baba yake hakuchukua sindano, wala kesho yake. Blanketi lilibaki limekunjwa juu ya kiroba, safu kumi na moja. Domina alidhani nyonga imeanza tena, akanunua dawa, akamchua kwa mafuta ya moto. Mama mwenye harusi alipita kuulizia mara mbili. Mama Brayan alikuja na ndizi alizopika mwenyewe, akakaa naye, akamwambia babu asikate tamaa, Mungu yupo. Gidamis alikula ndizi zile zote na kushukuru. Sindano hakuigusa.

Siku ya tisa Domina hakwenda kazini. Alivuta kigoda, akaketi mbele yake, magoti yao yakikaribia kugusana.

"Baba, nimekukosea nini?"

"Ng'ombe wangu wako wangapi?"

Domina alitazama pembeni. "Nani amekwambia?"

"Nimekuuliza wako wangapi."

"Hakuna, baba."

Akamweleza, na alipoanza hakuweza kukoma. Kumi waliuzwa yeye akiwa amelala hospitali. Daktari alisema bila kupasuliwa hatainuka tena, na huenda vidonda vya mgongoni vingemmaliza. Domina alimpigia simu Konstantini, Konstantini akawaswaga mnadani kesho yake. Chuma kile kilichokuwa nyongani kilitoka kwa wale kumi. Waliobaki tisa walikufa na ukame uliofuata, mmoja mmoja, wa mwisho akiwa yule mweusi mwenye mstari. Konstantini alitaka kuja kusema mwenyewe. Domina ndiye aliyemkataza.

"Ungeniuliza," Gidamis alisema.

"Ningekuuliza ungekataa."

"Ningekataa."

"Na ungekufa, baba."

"Ningekufa nina ng'ombe."

Domina alifuta uso kwa upande wa kanga. Sauti yake ilipotoka ilikuwa ndogo. "Na mimi ningebaki na nani?"

Gidamis alimtazama binti huyu aliyeachwa na mume, aliyezika kaka zake wawili, ambaye kila siku alivuka geti hili na kulifunga nyuma yake huku moyo ukimdunda asije akakuta msiba jioni. Katika miaka mitatu hakuwahi kumfikiria kuwa na yeye amefungwa. Mwishowe alisema neno moja tu: "Nipeleke."

Jumamosi walikwenda. Domina alimkodia kiti cha mbele cha basi mpaka Katesh, na kutoka Katesh wakapata gari la mtu aliyekuwa anapeleka chumvi ya mifugo. Mlima Hanang ulipojitokeza mzima, Gidamis alivua kofia na kuiweka mapajani, akabaki hivyo mpaka wanafika.

Konstantini alikuwa anawangoja njiani. Alimwamkia baba yake mdogo kwa kuinama, akampokea fimbo moja, akamshika mkono uliobaki mtupu, na wakatembea kuelekea boma polepole. Ila boma lenyewe halikuwepo. Ua wa miiba ulikuwa umeng'olewa na kuchomwa kama kuni, na pale zizi lilipokuwa palisimama alizeti, ndefu, vichwa vipana kama sinia. Kando yake alizeti nyingine za shamba zilifika kiunoni tu.

"Hapa samadi ilikuwa nyingi," Konstantini alisema, kwa kuwa ilibidi kusema kitu. "Imependa sana."

Gidamis alisimama kwenye ukingo wa udongo ule mweusi. Aliinua fimbo kana kwamba ataonyesha mahali, kisha akaishusha. Mbuzi watano walikuwa wamefungwa kwenye mti. Akawahesabu kwa mazoea, akageuka.

Jioni alisema hatarudi Babati. Alisema kwa upole, na wala hakuna aliyembishia. Konstantini alisema nyumba ni yake. Domina alimwachia dawa, mafuta, nguo za kubadili, akaondoka kesho yake alfajiri bila kugeuka nyuma, maana alijua akigeuka atamchukua.

Alikaa siku sita. Hapakuwa na ukuta hata mmoja; aliweza kuangalia mpaka jicho likachoka. Lakini ardhi ile ilikuwa ya mashimo na vichuguu, si saruji, na kila alipojaribu kupita hatua thelathini nyonga ilikataa. Kwenda kichakani alihitaji watu wawili. Konstantini na mkewe walikuwa watu wema, ila waliondoka kwenda shamba kabla jua halijatoka, na maji yalikuwa mbali. Walimweka kwenye benchi nje, uji kwenye chupa, na hapo ndipo walipomkuta jioni. Siku moja alijichafua akakaa hivyo tangu saa nne. Mke wa Konstantini alimsafisha, na Gidamis akautazama uso wake ulivyojizuia.

Marafiki aliotaka kuwaona walikuwa wawili makaburini na mmoja Morogoro. Silas alikuja mara moja, wakakaa. Walipomaliza habari za zamani waligundua kwamba mpya hawana.

Siku ya sita akamwomba Konstantini simu.

"Njoo unichukue," alimwambia Domina.

Domina aliuliza nani amemkosea.

"Hakuna aliyenikosea. Njoo."

Safari hii Maisaka aliingia kwa miguu yake na kwa hiari yake, na ndiyo maana hakuweza kumlaumu mtu. Domina alilitupa lile kufuli, akamwambia wazi kwamba kuanzia leo geti ni lake, aende atakako. Gidamis alienda mpaka kwenye jiwe la barabarani, akaketi, akatazama pikipiki zikipita, akarudi. Kesho yake hakutoka. Hakuna alikotaka kwenda.

Harusi ilikuwa imekwisha pita. Mama yule alimnunulia binti yake blanketi la dukani. Gidamis alilimalizia lile la sita hata hivyo, kwa sababu hakuweza kulala chumba kimoja na kitu kilichoachwa katikati. Safu nane zilizobaki alizijaza na chochote mkono ulichokutana nacho kirobani, maua, zambarau, waridi, kipande cha fulana ya kampeni. Mama Brayan alisema ndilo zuri kuliko yote. Alilichukua mtu wa Nakwa, na oda zikaendelea kuja.

Alishona mwaka ule wote. Mikono ilizidi kuwa myepesi huku yeye mwenyewe akizidi kunyamaza, na Domina, aliyekuwa akiogopa ukimya ule kuliko alivyoogopa barabara ya Singida, jioni moja akiwa anachambua maharage alimuuliza kuna kitu gani anachoweza kumfanyia. Si kesho wala mvua zikikatika. Sasa.

Gidamis aliichomeka sindano kwenye kitambaa.

"Mnadani," alisema. "Siku za ng'ombe. Nikakae tu."

Basi kila siku ya mnada bajaji ilikuja kumchukua asubuhi, ikamshusha kwenye mazizi na kiti chake cha plastiki. Aliketi upande ambao upepo unaleta vumbi. Hakuwa na ng'ombe wa kuuza wala uwezo wa kununua, na wachuuzi walimzoea, wakamzunguka kama wanavyozunguka nguzo. Mara nyingine mnunuzi mgeni alimuuliza dume hili lina miaka mingapi, naye akasimama, akalitazama mdomoni, akamwambia, na hiyo ikawa siku njema. Mara nyingine hakuulizwa na mtu.

Saa kumi bajaji ilirudi. Dereva alikuwa kijana mstaarabu, ila alikuwa na abiria wengine wa kuwahi, na alipiga honi mara moja, si kwa ukali. Gidamis alimwambia angoje kidogo, kuna kundi linaingia. Dereva alingoja kidogo. Kundi likaingia, ng'ombe arobaini hivi, wakapita mbele ya kiti chake wakigusana mbavu, na yeye akawafuata kwa macho hadi wa mwisho. Kisha honi ikalia tena, akakunja kiti, akapanda.